Nani Atamtua Dezideri?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna amalize kwanza. Leo sikuleta sungura wala zimwi. Nimeleta watu watatu waliofanya kazi yao vizuri, na kaburi lililotokana na kazi hiyo. Nawajua wasikilizaji wangu. Kabla sijafika katikati, mmoja wenu atakuwa ameshatoa hukumu na anamnong'oneza jirani. Namwomba aishike kwanza, maana ataibadilisha, na mwisho nitakuja kuidai.

Katika mji wa Lugombo palikuwa na Shirika la Tiba Vijijini, na shirika hilo lilikuwa na tovuti. Watu waliipenda, si kwa uzuri wake, bali kwa kuwa iliwafaa. Kila kijiji kilikuwa na ukurasa wake. Ukipatwa na shida unafungua simu, unatafuta kijiji chako, unakuta maneno ya kubonyeza: mtoto ana degedege, bonyeza hapa, mama ameshikwa na uchungu, bonyeza hapa, umegongwa na nyoka, bonyeza hapa. Ukibonyeza unapelekwa ukurasa mwingine, unaokuambia kituo gani kina dawa na unafikaje. Maneno hayo ya kubonyeza wenyewe wanayaita viungo, na ninyi wengine mnaita linki. Mshike hilo, maana hadithi yote imo humo.

Tovuti ilitunzwa na watu watatu, ndani ya chumba kimoja chenye feni mbovu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Leokadia Haule. Alikuwa muuguzi mpaka magoti yalipomkatalia zamu za wodini. Kipaji chake kilikuwa maneno. Alijua kuandika maelezo ya dawa yakaeleweka na mtu anayetetemeka, kwa sababu alishawahudumia wengi waliotetemeka. Na alikuwa na mwiko: hakutia kiraka. Maelezo ya dawa yakibadilika, hagusi ukurasa wa zamani. Anaandika mwingine kuanzia neno la kwanza. Wodini aliwahi kukuta maelezo yaliyosahihishwa juu ya masahihisho, nusu kipimo cha zamani, nusu kipimo kipya, na mgonjwa akapewa vyote viwili. Tangu siku ile akaapa.

Wa pili aliitwa Yordani Mapunda. Kipaji chake kilikuwa mashine. Zamani viungo viliandikwa kwa mkono, kila kimoja kikibeba anwani nzima ya ukurasa. Ukurasa ukihamishwa au ukibadilishwa jina, viungo vyote vilivyouelekea vinakufa, na mgonjwa anakutana na maandishi mekundu ya kwamba ukurasa huu haupatikani. Yordani aliumiza kichwa hadi akapata ufumbuzi. Aliupa kila ukurasa namba ya kudumu, akafanya viungo vishike namba badala ya jina au anwani. Tangu hapo ukurasa uende utakako, uitwe utakavyoitwa, viungo vinajirekebisha vyenyewe na kuufuata. Juu ya hapo akaweka kengele ya kulia pindi kiungo chochote kinapokatika, na kengele hiyo ilikaa kimya mpaka watu wakaanza kumwita mchawi.

Wa tatu aliitwa Batuli Sefu, na huyu ndiye nitakayekaa naye karibu. Kipaji chake kilikuwa mpangilio. Hakuna kitu kilichokaa ovyo Batuli akiwa chumbani, iwe vikombe, nyaya au kurasa za tovuti. Yeye ndiye aliyelinda desturi ya chumba kile, nayo ni kwamba ukurasa haufutwi. Enzi za viungo vya mkono walifuta ukurasa mmoja, na mkunga wa huko bondeni akapiga simu akilia kwamba anabonyeza na hapelekwi popote, na mama yuko mbele yake anavuja damu. Baada ya simu ile wakakubaliana kuwa ukurasa ukimaliza kazi yake utapewa kazi nyingine. Batuli akawa fundi wa hilo. Anaukuta ukurasa usiosomwa na mtu, anausafisha, anaupa jina jipya na maneno mapya, na namba yake ni ile ile.

Nimewaambia watatu hawa walikuwa mafundi. Sasa nawaambia pia walipendana, maana watu wakisikia habari mbaya hudhani palikuwa na fitina. Hapakuwa na fitina. Leokadia aliwaletea karanga, Yordani aliwatengenezea simu zao bure, na Batuli aliwakumbusha siku za kuzaliwa za watoto wao.

Mashine ya Yordani ilipoanza, ilibadilisha pia maneno ya viungo. Ukurasa ukipewa jina jipya, kila kiungo kinajiandika jina hilo. Leokadia hakupenda.

"Yordani mdogo wangu," alisema, "mtu amegongwa na nyoka, wewe unamwandikia 'Mwongozo wa Huduma za Dharura za Sumu'? Atakufa anasoma. Niachie maneno yangu pale kwenye kiungo. Mashine yako ifuate ukurasa, maneno yabaki yangu."

"Sawa, dada. Umenishinda," Yordani akacheka, akafanya hivyo.

Kisha akawageukia wote wawili, akasema maneno ambayo Batuli hakuyasahau: "Kuanzia leo msiviguse viungo. Mkivigusa kwa mkono ndipo vinaharibika. Viacheni, vinajua njia."

Vinajua njia! Yordani alijua moyoni kwamba viungo vinajua namba tu, havijui njia wala nyoka wala mgonjwa. Lakini alikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha haanzi kueleza vijimambo. Batuli na Leokadia wakaelewa walivyoelewa, kwamba viungo vinajirekebisha, basi vitakuwa sahihi siku zote.

Ikapita miaka ya amani. Dawa ya sumu ya nyoka ilikaa kituo cha Mbangule, kwenye friji ya huko, na viungo vya vijiji vyote vilielekea ukurasa mmoja uliosema hivyo. Halafu friji ya Mbangule ikafa. Dawa ikahamishiwa kituo cha Nyakisi.

Leokadia akafanya kama alivyofanya siku zote. Hakutia kiraka. Alikaa akaandika ukurasa mpya kabisa wa Nyakisi, mzuri, unaosomeka hata na mtu aliyechanganyikiwa, akauweka mbele kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, na viungo vya vijiji akaviachia mashine. Kisha akawaandikia wenzake: "Ukurasa mpya wa nyoka tayari. Ule wa zamani hauna kazi tena." Akaenda kupima magoti yake.

Batuli akafanya kama alivyofanya siku zote. Alisoma kwamba ukurasa wa zamani hauna kazi, na desturi ya chumba inasema usifutwe, basi akaupa kazi. Mbangule walikuwa wameomba ukurasa wa kliniki ya mama na mtoto. Akausafisha ule wa zamani, akaacha jina la kituo juu, akaacha na maelezo ya kufika, kwamba ukifika njia panda ushike kushoto, kwa kuwa yalikuwa sahihi. Chini yake akaweka siku za kliniki. Viungo hakuvigusa. Alikatazwa kuvigusa, na alijua vinajirekebisha.

Mashine ya Yordani nayo ikafanya kama ilivyofanya siku zote. Ukurasa ulibadilishwa jina, na viungo vikaufuata vyote, kutoka kila kijiji, bila kupoteza hata kimoja. Maneno ya Leokadia yalibaki palepale: umegongwa na nyoka, bonyeza hapa. Kengele haikulia. Ingelilia nini? Hakuna kilichokatika.

Mmeona? Tayari kuna mtu anatikisa kichwa. Tulia, bado hatujafika kaburini.

Katika kijiji cha Itundwe alikuwepo msichana Asteria, aliyekuwa akivuna mahindi na kaka yake Dezideri. Nyoka alimgonga juu ya kifundo cha mguu, kati ya mabua. Dezideri alikuwa dereva wa bodaboda, kijana makini, asiyekunywa. Alimfunga dada yake mgongoni kwake kwa khanga, akafungua simu, akatafuta Itundwe, akaona maneno ya nyoka, akabonyeza. Akaona Mbangule. Akaona ushike kushoto. Hakusoma chini. Na wewe usingesoma.

Njia panda akashika kushoto. Nyakisi ilikuwa kulia, tena karibu zaidi.

Mbangule alimkuta muuguzi anapima watoto wachanga. Muuguzi akashika kichwa, akasema, "Jamani, dawa ilihamia Nyakisi! Rudi, kimbia!" Dezideri akageuza pikipiki. Njiani alikuwa akimsemesha dada yake, naye akimjibu, mpaka walipofika tena njia panda, ambapo hakumjibu. Alimwita jina lake akiwa bado anaendesha, kwa sababu aliogopa kusimama na kutazama.

Walipomaliza kuzika, Dezideri alikuja ofisini kwa miguu. Batuli ndiye aliyempokea, maana meza yake ilikuwa karibu na mlango. Kijana alikaa kwenye benchi, akatoa simu yake, akampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Una shida gani?"

"Naomba unionyeshe nilikosea wapi. Wenzangu kijijini wanasema dawa iliandikwa Nyakisi. Mimi niliona Mbangule. Sijui niliona nini. Nataka kujua nilibonyeza wapi vibaya."

Batuli alisikia habari ya msiba ule kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa kijana yule, kidogo kidogo, na bado hakuwa ameelewa. Akafungua ukurasa wa Itundwe na kubonyeza maneno ya nyoka. Ukafunguka ukurasa wa kliniki ya mama na mtoto, na mpangilio wake aliujua kama anavyoujua uso wake. Nataka mjue alichohisi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya: alihisi hofu kwanza, kabla ya huruma, na baadaye alijichukia kwa mpangilio huo.

"Hukukosea," alisema.

"Eti?"

"Hukukosea, mdogo wangu. Ulibonyeza penyewe."

Dezideri akamtazama. Kisha akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayefarijiwa na asiyeamini, akachukua simu yake, akashukuru, akaondoka. Batuli alibaki amesimama mlangoni, hakuweza kumwita wala kukaa.

Aliporudi ndani aliwaonyesha wenzake. Hawakuhitaji maelezo. Leokadia alibonyeza, akaangalia, akaweka mkono mdomoni. Yordani alibonyeza mara kadhaa, kana kwamba mara moja kati ya hizo ingekwenda Nyakisi. Wakavirekebisha viungo vyote kwa mkono, kila mtu kwenye kompyuta yake. Walipomaliza ndipo yakaanza mambo ya aibu.

"Batuli," Yordani alisema bila kumtazama, "unawezaje kubandika kliniki juu ya ukurasa wa nyoka?"

"Aliyeandika kwamba hauna kazi ni nani? Mimi?"

"Nilisema hauna kazi," Leokadia alisema, "sikusema uupe watoto wachanga. Na wewe Yordani, si ulituambia vinajua njia? Vilijua njia ipi?"

"Ni wewe uliyetaka maneno yabaki! Mashine yangu ingeachwa kama nilivyoitengeneza, kiungo kingejiandika 'Kliniki ya Mama na Mtoto'. Yule kijana asingebonyeza."

Karanga zilikuwa mezani na hakuna aliyezigusa.

Mkurugenzi wa shirika alikuwa mtu wa taratibu. Alinunua mchele na sukari, akaandika salamu za rambirambi zenye muhuri, akawapakia wote watatu kwenye gari wakaenda matangani Itundwe. Mama wa marehemu, wanayemwita Mama Dezideri, aliwakaribisha vizuri, akapokea mchele, akapokea sukari. Mkurugenzi akasoma kwamba ofisi imesikitishwa na inabeba dhamana. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nashukuru," alisema. "Lakini ofisi haina mgongo. Itabebaje?"

"Mama, tunamaanisha sisi sote—"

"Nimeelewa unachomaanisha. Ngoja nikuonyeshe ninachomaanisha mimi." Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba. Dezideri alikuwa amekaa kando ya pikipiki yake, ameipa mgongo. "Yule anasema yeye ndiye aliyeshika kushoto. Kila asubuhi anakwenda njia panda anasimama pale mpaka jua linamchoma. Pikipiki haigusi. Chakula hagusi. Nimeficha kamba ya kisima, baba. Nimeficha na za mbuzi. Unaelewa ninachokwambia?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa.

"Mmoja nimemzika. Sitaki kuzika wa pili. Siku ya kuanua tanga niletee mtu aje amtue huyu mtoto. Mtu mmoja, mwenye jina, aseme ni mimi. Usiniletee watatu. Wakija watatu, kila mmoja atachukua kipande chake cha kumtosha, na kitakachobaki kitamrudia mwanangu."

Wakapanda gari kurudi. Batuli alikuwa dirishani, akifikiri kwamba Mungu akipenda watamchagua mwingine. Nasema alivyofikiri. Wenzake nao walifikiri hivyo hivyo, kila mmoja moyoni mwake, na ofisini wakaanza tena kwa upole, wakisaidiana kutoa sababu.

"Mimi na magoti haya," Leokadia alisema, "kukaa chini mbele ya watu wote wale..."

"Wakisikia mashine ni yangu wataniua," alisema Yordani.

Batuli yeye alisema ana mtoto mchanga. Mtoto wake alikuwa darasa la pili.

Mkurugenzi aliyekuwa amesimama mlangoni akawasikiliza, na labda aliwaonea huruma, labda aliwadharau, sijui. Akasema, "Hamjamaliza kusikia. Mimi mama yangu ni wa upande ule, naijua desturi yao. Mtu anayekuja kutua mzigo, akishasema ni mimi, mama mfiwa anammwagia maji mikononi mbele ya watu wote. Kisha anakula naye sahani moja. Ikishaliwa sahani ile, hakuna mtu wa Itundwe atakayeruhusiwa kumtajia kifo kile mpaka anakufa. Kwao ni kama hakikumhusu tena. Amesamehewa."

"Na wale wengine wawili?" aliuliza Batuli.

"Wengine wapi? Kwa Itundwe hakuna wengine. Hawatashtakiwa, hawatatajwa. Na hawatamwagiwa maji."

Hapo, jamani, chumba kikabadilika. Batuli alitazama mikono yake. Tangu siku ile ya benchi alikuwa hawezi kula kwa mkono. Aliona vidole vyake vikiandika neno kliniki. Alikuwa amekonda. Mumewe alimuuliza akamwambia ni malaria. Aliposikia kuna maji duniani ya kuoshea mikono ile, alitamani yawe yake kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na alipoinua macho akaona wenzake wana uso ule ule.

"Nitakwenda mimi," alisema Leokadia. "Magoti yatavumilia."

"Hapana dada, mashine ni yangu."

"Ukurasa ule niliugusa mimi," Batuli akasema, "mikono yangu hii."

Waliobishana jana kila mmoja akimsukumia mwenzake kosa, leo walibishana kila mmoja akilivutia kwake. Hawakuafikiana mpaka siku ya kuanua tanga ikafika, na kwa kuwa hawakuafikiana, wakaenda wote, ingawa mama alikataza.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, uwanja umejaa. Mama Dezideri alikuwa katikati, ameshika birika la maji, beseni miguuni pake. Dezideri alikuwa kwenye kigoda, amepungua mpaka shati linamning'inia. Mama alipowaona watatu wanaingia, akakunja uso.

"Nilisema mmoja."

"Mama, tusikilize," alisema Leokadia, "kisha utuambie ni yupi."

Mama akamwonyesha Dezideri kwa birika. "Msiseme kwangu. Semeni kwake."

Leokadia akashuka mpaka chini, magoti yakalia, akakaa mbele ya Dezideri. Akamwambia: "Mwanangu, ni mimi. Niliandika ukurasa mpya nikauacha wa zamani nyuma yangu kama mtu anayeacha mlango wazi. Muuguzi haachi dawa ya zamani mezani. Mimi niliacha, na ni mimi niliyetaka yale maneno ya nyoka yabaki pale yalipokuwa. Uliyafuata maneno yangu."

Dezideri akamuuliza polepole: "Wewe peke yako ungefanya vingine, Asteria angepona?"

"Angepona."

Yordani akakaa chini pembeni yake. "Ndugu yangu, ni mimi. Nilitengeneza viungo vinavyofuata namba, nikawaambia wenzangu vinajua njia na wasiviguse. Nilijua si kweli. Niliona raha kusifiwa. Kilichokupeleka Mbangule ni mashine yangu, ilikupeleka bila kukosea hata kidogo."

"Wewe peke yako ungefanya vingine, Asteria angepona?"

"Angepona."

Batuli akakaa. Maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoka. "Ni mimi," alisema, "uliyenipa simu. Nilichukua ukurasa wa dawa nikauandika kliniki, nikaacha jina la Mbangule juu, nikaacha na kushoto. Ule ushike kushoto niliusoma, nikauona umeandikwa vizuri, nikauacha. Na ulipokuja ukaniuliza umekosea wapi, nikakwambia hukukosea, sikukwambia nani aliyekosea. Nilikuacha uende na mzigo huo."

Dezideri akamgeukia. "Wewe peke yako ungefanya vingine..."

"Angepona, Dezideri. Angepona."

Kijana akawatazama mmoja mmoja. Watu wote walikuwa wanasubiri, na Batuli aliona jinsi macho yake yalivyohama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule na kurudi, yakitafuta pa kutua, mpaka yakachoka na kushuka kwenye mikono yake mwenyewe. "Mama," alisema, "wote wanasema kweli. Kwa hiyo sijui. Kama hakuna mmoja, basi ni mimi niliyeshika kushoto."

Mama Dezideri alitoa sauti ambayo si ya kulia. Akanyanyua birika, maji yakamwagika kidogo kwenye mkeka. Akamtazama Leokadia, akamtazama Yordani, akamtazama Batuli. Hakuweza. Akawageukia waliokaa.

"Ninyi," alisema, "mmekula kwangu, mmelala kwangu, mmelia na mimi. Nisaidieni. Maji ni haya, na mtoto wangu ndiye huyu. Nimmwagie nani?"

Mimi nanyamaza hapa, kwa sababu na ninyi mmekaa kama wale wa mikekani, na birika liko juu bado. Usiniambie wote watatu; mama alishakataa, na umeona walipokuja watatu kilichotokea. Usiniambie hakuna, kwa maana hakuna maana yake ni Dezideri, na kamba haiwezi kufichwa miaka yote. Utakayemtaja ataondoka ameoshwa. Wawili waliobaki watarudi na mikono yao mpaka kufa. Haya, wewe uliyekuwa unanong'ona tangu mwanzo, simama, nyoosha kidole: maji yaende kwa nani?